Klabu ya vitabu ipike nini? Anzeni na tukio, si jina la kitabu

SWALI: Sisi ni wanawake 14 wa Tabata na Segerea. Tunasoma riwaya moja kila mwezi na kukutana Jumamosi ya mwisho, kwa zamu, nyumbani kwa mmoja wetu. Mwaka huu tulikubaliana kwamba mwenyeji apike chakula kinachoendana na kitabu. Mwezi uliopita tulisoma Asali Chungu. Mwenyeji alitia asali kwenye kila kitu, akaagiza na keki yenye picha ya jalada. Tulipiga picha, tukala, tukashiba, na kitabu hatukukizungumza hata robo saa. Sasa wapo wanaolalamikia gharama, na wapo wanaotaka tuache kabisa. Vitabu vinavyofuata ni Peponi, Shujaa Okonkwo, Vuta N'kuvute na Rosa Mistika, na mwenzetu mmoja anang'ang'ania Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Tuchague chakula vipi, kiwe kiasi gani, na kiliwe kabla au baada ya mazungumzo? Tupo Waislamu na Wakristo, na wawili wana kisukari.

JIBU: Dada yangu, msiache. Riwaya na chakula vinapatana vizuri sana, na tatizo lenu ni moja tu: mlipika jina la kitabu. Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1977, ni riwaya ya maisha machungu. Meza iliyojaa utamu haikuwa na la kuwauliza, ndiyo maana mlikula na kunyamaza. Mwenyeji wenu alijitahidi na anastahili shukrani, lakini jitihada zake zilikwenda kwenye jalada badala ya kurasa za ndani.

Msimamo wangu ni huu. Kwenye riwaya nzuri watu hawali bure bure. Mwandishi akikaa mistari kumi anaeleza sahani, ana jambo. Kuna mtu anakirimiwa kwa sababu kuna deni, mwingine ananyimwa, mwingine anapikia watu ambao hataketi nao. Tafuteni mahali ambapo chakula kinabadilisha kitu kati ya watu wawili. Pikeni kitu hicho kimoja. Kisha kileteni mezani mazungumzo yanapofika hapo, si kabla. Mkifanya hivyo gharama inashuka yenyewe, maana hampiki tena nchi nzima ya kwenye kitabu, mnapika sahani moja yenye sababu.

Kulipata tukio hilo si kazi ya mwenyeji peke yake. Kila mmoja anaposoma aweke alama ya penseli pembeni kila chakula kinapotajwa, na wiki moja kabla ya kukutana atume namba za kurasa kwenye kundi lenu la WhatsApp. Mtaona kurasa mbili tatu zinarudiwa na wengi. Hapo mjiulize maswali manne: nani kapika, nani kala, nani kakosa, nani kalipa. Ukurasa unaojibu maswali hayo kwa namna inayokera au inayochoma ndio wenu.

Tuanze na Peponi, kwa sababu humo tukio liko mwanzoni kabisa. Ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mkuki na Nyota waliichapa hapa Dar es Salaam mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobeli. Yusuf ana miaka 12, baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa. Ami Aziz, mfanyabiashara tajiri, hupita kwao na msafara wake, na kila akija hupikwa karamu. Gurnah anaitandika yote mbele yetu: michuzi miwili, mmoja wa kuku na mmoja wa nyama ya kondoo ya kusaga, wali wa mchele wa Peshawar unaong'aa samli, wenye zabibu kavu na lozi, maandazi na mahamri yanayofurika kikapuni chini ya kitambaa, mchicha wa nazi, samaki mkavu aliyebanikwa kwenye makaa yanayoelekea kuzima. Mtoto anatazama, nusura alie kwa hamu, maana siku hizo chakula cha nyumbani kwao ni haba. Mama anamkunjia uso, lakini uso wa mtoto ni wa huzuni kiasi kwamba mwisho mama anacheka. Kisha mgeni anaondoka, na safari hii Yusuf anaondoka naye. Amewekwa rehani kwa deni la baba yake na hajui. Ni Khalil, kule dukani pwani, anayemfumbua macho: yule si ami yako, mwite Seyyid.

Msipike karamu yote hiyo. Mkiipika yote mtakuwa wageni wa Ami Aziz, na mazungumzo yatazama kwenye samli. Pikeni mahamri na mchicha wa nazi tu. Kwa watu 14 kilo moja ya unga wa ngano inatosha. Hutoa mahamri kama 30 hadi 40 kutegemea ukubwa. Tui liwe zito, la nazi iliyokunwa siku hiyo, iliki itwangwe palepale, sukari iwe ya kuonja tu ili wenzenu wenye kisukari nao wapate kimoja, na mchicha uwe mwingi kwa ajili yao. Kwa joto la hapa unga wenye hamira huumuka ndani ya saa moja au mbili, kwa hiyo mwenyeji hana haja ya kuamka alfajiri. Akande mchana, asukume na kukata, akaange wageni wakiwa wameshaingia. Hilo la mwisho lina maana. Harufu ya iliki ikitoka jikoni na kufika sebuleni, kila mtu ameshaanza kusoma ukurasa ule kabla hajafungua kitabu.

Mahamri yakiiva yaingie kikapuni, yafunikwe kwa kitambaa safi, yawekwe katikati ya mkeka. Mtu mmoja mwenye sauti nzuri asome ukurasa wa karamu kwa sauti. Msile bado. Jadilini kwanza kwa dakika ishirini hivi: nani analipia karamu hii? Mama anajua nini wakati ule anapocheka, na je, kile kicheko mnakisikia vilevile sasa baada ya kumaliza kitabu? Baba anapomkirimu mdai wake, anaheshimu mgeni au ananunua muda? Ile njaa ndogo ya kungoja, na kikapu kikiwa palepale, inawaweka upande wa mtoto. Halafu mfunue, mle. Kwa uzoefu wangu wa kuongoza vikundi vya usomaji, mjadala wa kitabu hiki huendelea hata mikono ikiwa na mafuta, kwa sababu karibu kila aliyekulia nyumba ya mshahara mdogo anakumbuka kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni.

Shujaa Okonkwo ina mtego. Ni tafsiri ya Clement Ndulute, ya mwaka 1973, ya riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, na kila anayeisoma anawaza viazi vikuu. Ni kweli vimejaa kitabuni. Kwa Okonkwo kiazi kikuu ndicho mfalme wa mazao, zao la mwanamume, na alianza maisha kwa kukopeshwa mbegu 800 na Nwakibie. Kuna sikukuu ya viazi vipya, na kuna hadithi ya mlima wa chakula mrefu kiasi kwamba waliokaa upande mmoja hawakuwaona wa upande wa pili mpaka jioni. Mkivipata sokoni, chemsheni vichache muonje, ili wale wasiovijua wasidhani ni viazi vitamu. Msihangaike kutafuta kokwa za kola wanazotafuna humo.

Ila tukio lenyewe si hilo. Baada ya Ikemefuna kuuawa, mtoto aliyekaa nyumbani kwa Okonkwo miaka mitatu na kumwita baba, na Okonkwo mwenyewe akiwa ametia mkono katika mauaji hayo, hali chakula siku mbili. Anakunywa tembo tu. Siku ya tatu anamwomba mkewe Ekwefi amchomee ndizi. Anayemletea ni binti yao Ezinma, na mtoto yule anamwambia baba yake kwamba hajala siku mbili, kwa hiyo lazima azimalize. Okonkwo anakula huku moyoni anarudia lile wazo lake: laiti huyu angezaliwa mvulana.

Kwa hiyo pikeni ndizi za kuchoma. Kila mtu ndizi moja, bila mishkaki, bila kachumbari. Tafuteni mzuzu, zilizokomaa na kuanza kugeuka manjano lakini hazijalainika. Soko la Mahakama ya Ndizi kule Mabibo ndiko mahali pa kuchagua kwa nafasi. Mkitaka urahisi, hata muuza ndizi wa mtaani kwenu atawapa za kutosha. Zimenyeni, mzichome kwenye jiko la mkaa lisilo na moto mkali, mkizigeuza mpaka zipate ganda jembamba la kahawia nje na ndani ziwe laini. Jiko la gesi pia linafaa, kwa kikaango kikavu na moto mdogo. Mwenyeji akiwa na binti mdogo nyumbani, na binti akipenda, yeye ndiye agawe. Kisha muulizane: mwanamume huyu anashindwa nini hasa, na kwa nini upole unamfikia kwa mkono wa mtoto yule ambaye anatamani angekuwa mwingine? Ninyi ni kikundi cha wanawake. Nina hakika swali hilo halitakaa kwenye kitabu tu.

Nikija kwa mwenzenu anayeng'ang'ania Bwana Myombekere, naomba mmsikilize. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikimaliza kitabu hicho kwa Kikerewe mwaka 1945, na kwa Kiswahili kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981. Sijui kitabu kingine cha Kiswahili kinachojua kupika, kulima, kukaribisha mgeni na kuagana naye kama hiki. Kitereza hana haraka. Akifika kwenye pombe ya ndizi anakaa hapo mpaka msomaji aelewe kila hatua, na anayesoma kwa pupa atachoka. Msijaribu kumaliza chote kwa mwezi mmoja. Ni juzuu mbili; chukueni ya kwanza peke yake. Kisipopatikana madukani, ulizieni Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Tukio lake ni la kulipia. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto, ndugu wa mume wanamsema vibaya mke, wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anapokwenda kumwomba arudi, wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Basi pombe ile, ambayo mtu angeisoma kama burudani, ni faini. Kila hatua ya kuiva ndizi na kuzikamua ni mtu anayemtaka mkewe nyumbani.

Kwenu sishauri pombe. Mpo mchanganyiko, na hata kama wote mngekunywa, mazungumzo ya kitabu hiki yanataka akili timamu. Tengenezeni togwa. Nitaieleza kidogo, kwa sababu wengi wa mjini sasa wanainunua kwenye chupa tu na hawajaiona ikigeuka. Pikeni uji wa mahindi, lita tano, mzito kidogo na ulioiva barabara. Uacheni upoe mpaka uweze kutia kidole bila kuungua. Chukueni vikombe viwili vya unga wa kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Ulizeni wauza nafaka wa Kariakoo au Tandale. Mwageni kimea huku mnakoroga. Ndani ya dakika chache uji mzito unalegea mbele ya macho yenu kama mliongeza maji, kwa sababu kimea kinavunja wanga na kuugeuza sukari, na ndiyo maana togwa ni tamu bila kutiwa sukari. Ifunikeni ilale usiku mmoja, kisha iwekeni kwenye friji. Ikiachwa zaidi inaendelea kuchachuka na safari yake inaelekea kwenye pombe, hivyo itengenezwe Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi. Wenye kisukari wapewe nusu kikombe, maana utamu ule ni sukari kweli hata kama haikutoka dukani.

Hapa ningependa kazi ifanywe na watu watatu nyumbani kwa mwenyeji Ijumaa jioni, si mmoja. Pombe ya Myombekere haikupikwa na mtu mmoja. Wale watatu watakuwa na la kusema siku ya pili ambalo wengine hawana, na mtashangaa jinsi kurasa zile ndefu zinavyoanza kusomeka kwa raha mtu akishakoroga mwenyewe. Mezani jadilini bei: kwa nini faini ilipwe kwa kitu kinachochukua siku nyingi kutengenezwa, badala ya mbuzi ambaye angeswagwa tu asubuhi moja?

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, inataka njia tofauti kidogo. Yasmini, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi umri mno, anamwacha mumewe, na jamaa zake wanampa kisogo. Anapokelewa na Mwajuma, mtaa wa Ng'ambo kule Zanzibar. Humo mimi sitafuti sahani moja iliyobadilisha mambo, natazama safari kutoka jiko moja kwenda jingine. Ndiyo maana ningependekeza urojo. Msiulize uko ukurasa wa ngapi, angalieni unavyotengenezwa. Kachori na bhajia zimetoka jiko la Kihindi, muhogo wa kukaanga ni wetu, mchuzi wenyewe ni unga, manjano na ukali wa embe mbichi au ndimu, na chatne ya nazi juu. Hakuna anayeweza kumwambia mwenzake ondoa chako. Halafu kila bakuli hutiwa kwa mkono wa anayeuza kulingana na anavyotaka mlaji, huyu pilipili nyingi, yule bila yai.

Kuupika nyumbani kwa watu 14 ni kazi kubwa isiyo na lazima. Muiteni mama anayeuza urojo mtaani kwenu, mumlipe aje na vyombo vyake saa ya katikati ya mkutano, au mmoja apande bajaji akauchukue ukiwa bado moto, mchuzi mbali na vitafunwa mbali, la sivyo bhajia zitafika zimelowa. Kuna pia filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya hii. Itazameni mwezi unaofuata, si siku hiyohiyo. Filamu ina sura zake na itazifunika zile mlizozijenga wenyewe mliposoma.

Rosa Mistika nitaisemea kwa ufupi, na kwa uzito. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, akaianzia Namagondo, Ukerewe, kwenye nyumba ambayo baba, Zakaria, ni mlevi na mama, Regina, ndiye anayebeba mzigo. Inaishia kwa Rosa kujitoa uhai. Kitabu hiki hakitaki meza ya kupendeza. Chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha vinatosha, na mnaweza kuanza navyo kabisa mkavimaliza, ili mjadala uendeshwe meza ikiwa tupu. Msiweke kileo chochote. Mwenyeji ajue mapema kama kuna mwenzenu aliyefiwa kwa namna hiyo, au aliyelelewa na baba wa aina hiyo, azungumze naye pembeni kabla ya siku yenyewe. Kikundi cha wanawake 14 hakikosi mtu ambaye kitabu hiki kinamgusa mwilini.

Na ikitokea mwezi mmoja mmechoka, chukueni riwaya ya upelelezi ya Mohammed Said Abdulla, mfano Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960 yenye Bwana Msa, mkanywe kahawa chungu na kashata. Basi.

Sasa kuhusu saa. Jumamosi ya Dar es Salaam haina mkutano unaoanza kwa wakati. Yupo aliyetoka msibani, yupo aliyekwama kwenye foleni ya Buguruni. Wanaowahi wapewe maji na kitu kidogo cha kutafuna kisichohusiana na kitabu, matunda kwa mfano, ili pasiwe na mtu anayejadili kwa njaa ya kweli. Anzeni na mazungumzo ya jumla kwa nusu saa au zaidi. Chakula chenu cha kitabu kiingie katikati, kikiletwa na ukurasa wake unaosomwa. Mlo wa kushiba, kama mnautaka, uwe mwisho kabisa na uwe wa kawaida, wali maharage au chochote mama ntilie wa jirani anachopika vizuri, kwa sababu mtu akishashiba ubwabwa anatafuta pochi yake. Kula kwanza kisha kujadili, kama mlivyofanya mwezi uliopita, ndiko kulikokula muda wenu kuliko hata ile keki.

Gharama zisiwe za mwenyeji. Mwenyeji anatoa nyumba, maji na mkaa au gesi, na hiyo tayari ni sehemu yake. Viungo vya ile sahani moja vichangwe sawa kwa sawa na watu wote 14, fedha itumwe kwa mweka hazina mmoja kabla ya Jumatano, na risiti ya soko ipigwe picha itupwe kwenye kundi. Kiwango kikadiriwe kwa kumtazama mwenzenu mwenye kipato kidogo zaidi, wala asiulizwe. Kama kuna anayetaka kuongeza kitu kwa mapenzi yake, akilete kama zawadi, lakini kisipigiwe picha kama ndicho kipimo cha mwenyeji wa mwezi ujao. Mashindano ya wenyeji yanaumiza zaidi kuliko bei ya nazi, na naamini ndiyo yaliyowafanya baadhi yenu watake kuacha.

Vyakula vya tui vinaharibika upesi kwenye joto letu. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ambazo joto linavuka nyuzi 32, kama zilivyo nyingi za Januari na Februari, hesabuni saa moja. Mchicha wa nazi ukae kwenye hotipoti ukiwa moto kweli, au upikwe wakati huohuo. Muulizane wazi kama kuna anayedhurika na karanga, samaki au dagaa kamba, kwa sababu mtu huona haya kusema akiwa mgeni kwa mwenzake. Nyama yoyote itakayoingia iwe ya halali, jambo ambalo hapa mjini halina ugumu wowote. Wakati wa Kwaresima waulizeni wanaofunga wanaacha nini. Mwezi wa Ramadhani sogezeni mkutano uwe alasiri, zungumzeni mpaka magharibi, na chakula cha kitabu kiwe sehemu ya futari baada ya tende na maji. Peponi ingefaa sana mwezi huo, kwa sababu mtajadili karamu ya Ami Aziz nusu ya chumba ikiwa imefunga kweli.

Vitabu vikae meza nyingine, mbali na mafuta. Wekeni birika, beseni na sabuni mlangoni mwa sebule, na asiyenawa asiguse nakala ya kuazima.

Kwa Jumamosi ijayo, kwa kuwa ni Peponi, mambo mawili yanatakiwa kuamuliwa leo: nani atasoma ule ukurasa wa karamu kwa sauti, na nani atakuna nazi. Anayesoma apewe ukurasa wake sasa ili auzoee. Asiwe ndiye anayekaanga.